Mume wa Mtungi wa Kwanza

Wapo waendao ugenini kutafuta mali, na wapo waendao kutafuta elimu. Mwantumu binti Faki alikwenda Kungugu kwa sababu ya wivu, na hakumficha mtu jambo hilo. Wanawake wa mtaani kwao walipomuuliza anafuata nini huko ambako wengi huenda na wachache hurudi, aliwajibu, "Nakwenda kumtazama mwanamke mmoja usoni."

Mumewe, Mbwana Kidege, alikuwa fundi wa maturubai, hodari wa kukata na kushona, mtu wa kucheka kabla mzaha haujafika mwisho. Alikwenda Kungugu kijana wa miaka ishirini na sita, akaahidi kurudi kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mfungo ule ukaja ukapita, na mingine kumi na minane ikaufuata. Mwanzoni salamu zilikuja, kisha zikaja kwa kudonoadonoa, kisha zikakatika. Ndipo akatokea mchuuzi mmoja aliyetoka huko. Akala wali kwa Mwantumu, akanawa mikono, akasema amemwona Mbwana, mzima wa afya, ameketi kibarazani na mtoto wa kike wa miaka kama tisa na mke mwenye vishimo mashavuni.

Vile vishimo ndivyo vilivyomng'oa nyumbani. Mke wa pili angemvumilia, wangapi wamevumilia? Mtoto angemwombea dua. Lakini kila alipofumba macho aliona vishimo viwili vikifunguka, na Mbwana akiviangalia.

Kungugu ni nchi ya mabonde yaliyojaa mawingu. Mawingu hayo hayapiti kama ya kwetu. Yamelala humo tangu zamani, mazito kama pamba iliyoshindiliwa guniani, hata mtu mwepesi aweza kutembea juu yake, kujenga, kuoa na kugombana na jirani. Kwa kuwa hakuna mtu aliyezaliwa mwepesi kiasi hicho, sheria ya kwanza ya nchi ni kwamba kila aingiaye huvuliwa uzito langoni. Huko juu hakuna mwenye nyumba. Nyumba zote ni za mvuke, na Baraza huzikodisha. Ukitaka chumba cha pili, unaomba asubuhi, adhuhuri kimekwisha simama. Usipokitaka tena, kinayeyushwa. Wageni husifu sana mpango huo. Ni wachache waulizao mvuke ukipigwa na jua huenda wapi.

Baraza lilikwisha kujiuliza, na jibu lake ndilo sheria ya pili: kila mtu sharti awe na nakala yake. Kabla ya kuvuliwa uzito, mgeni hupuliza pumzi ndani ya mtungi mkubwa, na humo huingia yote aliyo: umbo lake, sauti yake, aliyowahi kuyaona, awapendao na awachukiao. Huo huitwa mtungi wa kwanza. Baada ya hapo, kila mwaka hupuliza mtungi mdogo wa nyongeza, unaopokea yale tu yaliyobadilika tangu alipopuliza mara ya mwisho. Mtu akipotea, wanasema, nchi haina haja ya kulia. Utafunguliwa mtungi wa kwanza, zitamiminwa nyongeza juu yake kwa mfuatano, naye atasimama kama alivyokuwa.

Aliyemweleza Mwantumu mambo haya alikuwa Mkuu wa Mitungi mwenyewe, Bwana Tuone, mtu mnene wa sauti japo mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa wenzake. Siku hiyo alikuwa langoni akikagua foleni.

"Na mmekwisha kumsimamisha mtu?" Mwantumu akauliza.

"Mitungi imefinyangwa kwa kazi hiyo, mama."

"Nimeelewa. Nimeuliza kama mmekwisha kumsimamisha mtu."

Bwana Tuone akatabasamu kwa subira. "Mama yangu, kufungua mtungi kabla ya msiba ni kumtilia shaka aliyeufunga. Na aliyeufunga ni mimi."

Mwantumu akapuliza. Mtungi wake ukabebwa ukaingizwa kwenye pango lililokuwa pale pale langoni, mwambani, ambamo mitungi ya kwanza ilirundikwa mmoja juu ya mwingine na kuota ukungu wa kijani. Ilikuwa mizito mno kupandishwa juu, akaelezwa. Zile za nyongeza, kwa kuwa ni nyepesi, huwekwa mahali pa heshima: Nyumba ya Mitungi, katikati ya wingu lenyewe, ili ziwe karibu na wenyewe.

Mbwana alimpokea mlangoni. Mwantumu alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi: akimbiwe, akataliwe, apigiwe magoti. Hakujiandaa kukaribishwa. "Karibu," Mbwana alisema. "Karibu sana, Mwantumu. Pole na safari." Nywele zimeingia mvi, mabega yameinama, macho yenye adabu. Alisema kama mtu anavyomwambia shemeji wa mbali. Akamwita mkewe.

Vishimo vilikuwepo kweli, tena vilikuwa virefu kuliko alivyosimuliwa. Jina la mwanamke lilikuwa Umande. "Karibu, bi mkubwa," akasema, akainama kumpokea mzigo, na Mwantumu akautwaa mzigo wake akaubeba mwenyewe.

Akaombewa chumba kwa Baraza, kikaota ubavuni mwa nyumba kabla jua halijazama, na humo akakaa. Haikupita siku asiwasikie wa upande wa pili wakicheka. Umande alimpelekea chakula kwa mikono miwili. Mtoto, jina lake Manyunyu, alikuja kumsuka bila kuombwa na kumweleza habari za shule. Mwantumu aliwapima wote wawili kama mwuza vitambaa apimavyo kitambaa cha mwenziwe, akitafuta kasoro, na kila alipoikosa wivu uliongezeka. Mtu mbaya angemchukia akatulia. Alikosa hata mtu mbaya.

Siku moja alimwuliza Mbwana wazi, wakiwa wawili, yeye akishona ukingo wa turubai. "Ulinisahau lini?"

Mbwana hakuinua uso. "Sikukusahau siku moja. Mwaka wa kwanza nilikulilia. Mwaka wa pili nilisema nitarudi baada ya kazi hii. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Kisha ikawa nikikufikiria naona haya, na mtu hukimbia kinachomtia haya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sina neno lingine zuri la kukupa."

"Na yeye?"

"Yeye alinikuta nikiwa mgonjwa."

Mwantumu angependa uongo. Ukweli huu haukumpa pa kushika.

Kisha ikafika Sikukuu ya Mitungi. Siku hiyo watu wa Kungugu huenda Nyumba ya Mitungi, hutoa nyongeza za jamaa zao, huzifuta vumbi na kuzibeba barabarani kwa ngoma. Kwa macho ya mgeni ni jambo la kupendeza. Ukisimama pembeni, hata hivyo, utaona kila mmoja akitupia jicho mtungi wa mwenzake. Nani wake umejaa zaidi? Nani kapewa rafu ya mbele? Wapo wanaopuliza mara mbili kwa hila ili waonekane wameishi sana. Baraza nalo lilikuwa likijadili kwa mwaka wa nne kama nyongeza zitunzwe miaka saba au minane kabla ya kumwagwa (hadi hapo haijamwagwa hata moja), na watu walikuwa wamegawanyika, wa Saba na wa Minane, hata hawaoleani.

Umande alipita amekumbatia mtungi mmoja mdogo kifuani. "Huu ni wa Mbwana, wa mwaka aliozaliwa Manyunyu," akamwambia Mwantumu. Hakuwa na nia mbaya. "Mimi huubeba huu kila mwaka."

Mwantumu akautazama. Kitu kile kisichozidi kibuyu kilikuwa na mwaka mzima wa mumewe ndani yake, na yeye hakuwemo hata kama kivuli. Kumi na minane kama hiyo imepangwa rafuni, mwaka kwa mwaka, na katika yote hayumo. Usiku ule hakulala. Asubuhi alikwenda barazani akapeleka ombi ambalo hakuna mtu aliyewahi kulipeleka: kwamba Mbwana Kidege, mume wake wa halali, arudishwe katika mtungi wake wa kwanza, bila ya nyongeza.

Baraza lilikutana kulijadili. Ukumbi ulijaa hadi milangoni. Mzee mmoja alisimama akasema sheria imetaja mtu aliyepotea, haikutaja mume aliyepotea. Mwingine akamjibu kwamba mume aliyepotea ni mtu aliyepotea, akapigiwa makofi na wanawake wa upande mmoja. Upande wa Saba ukadai kwanza iamuliwe mitungi ni saba au minane. Umande aliketi mbele na mtoto.

Ndipo akasimama Bi Mashaka, mjumbe mwembamba aliyekuwa na sifa ya kuharibu vikao. "Waheshimiwa," akasema, "mnabishana mtungi upi ufunguliwe. Nauliza yupo hapa anayejua kufungua hata mmoja? Na jambo la pili, nimelisema mpaka mmechoka nami. Nyongeza zetu zote ziko juu ya wingu hili hili tunaloishi. Wingu likichanika, atapotea mtu na nakala yake siku moja. Tupeleke nusu Ng'ambo."

Ng'ambo lilikuwa wingu la pili, lililolala bonde la jirani. Ukisimama ukingoni ulisikia mbwa wao wakibweka. Jina hilo lilipotajwa ukumbi uliwaka.

"Ng'ambo!" Bwana Tuone akapaza sauti. "Watu waliotuiga hata ngoma! Tuwape mitungi yetu, waifungue, wachungulie tulivyo ndani, kisha waseme wao ndio waliotutangulia? Heri tupotee na siri zetu."

Wakapiga makofi, wa Saba na wa Minane pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kukubaliana. Ombi la Mwantumu likaahirishwa hadi mvua zijazo.

Walipokuwa wakitoka, Mbwana alimngojea nje. Safari hii macho yake hayakuwa ya adabu. "Mwantumu. Unataka kunifuta?"

"Nataka kurudishiwa changu."

"Kile unachokitaka kilikuwa kijana mmoja aliyekuacha mlangoni unalia, akaondoka anacheka kwa sababu anakwenda kuona dunia. Unamkumbuka vizuri? Mimi namkumbuka. Hakuwa bora kuliko mimi." Akatazama upande aliokuwa amesimama Manyunyu. "Na huyu utampeleka wapi?"

Mwantumu alijua kuna jibu jema na alijua hatalitoa. Wivu una njaa yake, na mwenye njaa haulizwi habari za mgeni mwingine.

Mvua hazikuja. Lilikuja jua, jua la siku nyingi mfululizo lisilo na chembe ya upepo, na wingu likaanza kuwa jembamba. Watu walianza kuona miamba ya bonde chini ya nyayo zao, kama unavyoona sakafu kupitia maji. Bi Mashaka aliomba tena mitungi ihamishwe Ng'ambo, au walau iteremshwe pangoni. Baraza likatafakari, likaamua kwamba kuiteremsha kutawatia watu hofu na kuihamisha kutawatia Ng'ambo kiburi. Badala yake Nyumba ya Mitungi ifunikwe kwa turubai kubwa, ili jua lisiiguse. Wakaitwa mafundi, na fundi mkuu alikuwa Mbwana Kidege.

Alikwenda asubuhi na sindano zake. Aliaga nyumba nzima, pamoja na chumba cha ubavuni. "Mwantumu, nikirudi tuzungumze," alisema, "tena vizuri."

Saa za adhuhuri Mwantumu na Umande walikuwa jikoni wakigombea chungu. Kila mmoja alitaka yeye ndiye ampikie Mbwana, na kila mmoja alisema hajali nani apike. Ndipo ukasikika mlio, si wa radi wala wa kuvunjika, bali kama wa nguo inayopasuliwa polepole. Walipotoka nje, katikati ya wingu palikuwa na shimo. Nyumba ya Mitungi haikuwepo. Turubai lilikuwa likishuka bondeni, limefumuka kama tanga, na vitu vidogo vyeupe vikidondoka pembeni mwake na kupasuka mwambani kimoja kimoja.

Umande hakupiga kelele. Alimgeuzia uso mtoto ukutani. Kisha akamwambia Mwantumu, sauti ya chini kabisa, "Uliomba kwa Baraza. Mungu amekusikia kabla yao."

Siku ya kwanza viongozi walitangaza kwamba hakuna haja ya kulia, mpango upo. Siku ya pili walitambua kwamba nyongeza zote za nchi zilikuwa zimeanguka pamoja na waliokuwa wakizilinda na wote waliokuwa karibu nazo. Kilichobaki ni pango la langoni, ambalo hakuna aliyelikumbuka katika mjadala wowote kwa kuwa halikuwa na heshima ya kugombewa. Mitungi ya kwanza ilinusurika kwa kudharauliwa.

Watu wakateremka langoni, wafiwa wote, wakasimama mbele ya pango. Bwana Tuone alifika amevaa joho. Mtungi uliotolewa mbele ulikuwa wa mwoka mikate mmoja, mzee wa watu aliyependwa sana. Kifuniko kilikuwa kimeganda kwa chokaa. Bwana Tuone akakivuta, hakikutoka. Akakizungusha, hakikutoka. Jasho likamtiririka. Akaomba nyundo. Bi Mashaka akasema, "Usipige!" lakini alikwisha piga, mtungi ukapasuka vipande viwili, na pakatoka harufu ya mkate wa moto, nzuri ajabu, ikatanda langoni pote watu wakaivuta puani, ikapita. Mjane wa mwoka mikate alibaki akishika kipande cha kigae.

Bwana Tuone aliketi chini akavua joho. "Sikuwahi kufungua," alisema. "Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitafungua."

Hawakumpiga. Walikuwa na shida kubwa kuliko yeye. Kuanzia hapo walijifunza kwa kujaribu, kama ambavyo wangejifunza zamani bila ya mtu kufa: chokaa ilegezwe kwa mvuke, kifuniko kiinuliwe polepole, mtungi ulazwe kwa upande. Wengine walisimama. Wengine mitungi yao ilikuwa na ufa tangu mwaka waliofika, na ndani hamna hata unyevu. Kila aliposimama mtu, shangwe ilipanda kisha ikakatika ghafla, kwa maana walitoka vijana, wakiuliza njia ya kupandia wingu, na wazee waliowangojea walikuwa wake zao.

Mwantumu aliona hayo. Aliona na bado, mtungi ulioandikwa jina la Mbwana Kidege ulipotolewa, mzima, bila ufa, moyo wake ulidunda kama wa bibi harusi. Yumo mwenyewe. Asiye na Umande ndani yake, asiye na mwaka hata mmoja wa mwingine. Wa kwake mtupu.

"Msimfungue," akasema Umande.

Watu wakageuka. "Bi mkubwa, nakusihi. Atakayetoka humo hamjui mwanangu. Nimemzika mume wangu moyoni siku zote hizi, usinifanye nimwone akipita karibu yangu kama mpita njia."

"Ni mume wangu," Mwantumu akajibu. "Mimi nilikuwa mpita njia kwake miaka kumi na minane."

"Najua. Na sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo."

Kama angemtukana ingekuwa rahisi. Manyunyu ndiye aliyesema, amemshika mama yake upindo wa kanga: "Mama, mimi namtaka hata kama hanijui. Nitamwambia mimi ni nani."

Umande akafumba macho. Akatikisa kichwa kuonyesha amekubali, akasogea kando.

Mvuke ukapitishwa, kifuniko kikainuka. Kilichotoka kwanza ni kicheko. Kisha bega, kisha mkono, kisha Mbwana mzima wa miaka ishirini na sita, nywele nyeusi tititi, akipangusa macho kama mtu aliyepuliza sana kizunguzungu kikamshika. Kwake yeye alikuwa amepuliza sasa hivi. Akatazama umati. "Loo, foleni imekuwa ndefu," akasema. Akamwona mwanamke mtu mzima amesimama mbele ya wote, machozi yanamtoka, akaona vibaya kupita bila adabu. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mwantumu alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yaliyokomaa miaka kumi na minane, na hakuna hata moja lililojitokeza. Lililojitokeza ni lile ambalo ulimi wa mtu mzima hulitoa wenyewe bila kuulizwa.

"Marahaba."

"Unalia nini, mama yangu? Umepotelewa? Usilie. Hata mimi nimemwacha mke wangu nyumbani, analia hivyo hivyo." Akacheka kabla hajamaliza. "Mwantumu huyo! Ungemwona. Ana kiuno kama nyigu na mdomo kama wembe. Nimemwambia kabla ya mfungo nitakuwa nimerudi, akanirushia kijiko. Yule hata kama watanipa wingu zima, simwachi."

Alimsifu hivyo mbele ya umati, bila haya, kama vijana wafanyavyo. Na Mwantumu, ambaye alivuka nchi ili asikie maneno hayo hayo, aliyasikia kama mtu anayesikia mumewe akimsifu hawara. Vishimo vya Umande havikuwahi kumchoma namna ile. Umande ni mtu wa kushindana naye: alikuwa na umri, alikuwa na makosa, alikuwa amesimama pale na macho mekundu. Lakini yule mwenye kiuno cha nyigu utamshika wapi? Hazeeki. Hapiki chakula kikaungua. Atakaa katika macho ya kijana huyu siku zote akirusha kijiko, na kila kijana atakapomtazama Mwantumu atakuwa akimtafuta yule.

"Mbwana," akasema, "mimi ndiye Mwantumu."

"Mama, usinitanie."

"Nitazame."

Akamtazama. Alitazama muda mrefu, na kicheko kikamwondoka usoni kidogo kidogo, kikaanza kwenye macho kikaishia mdomoni. Akatazama nyuma yake, akaona vijana wenziwe wameketi chini, kila mmoja na mwanamke mzee pembeni yake. Akatazama wingu, lililokuwa na tundu katikati. Alipoelewa, hakusema "umekuja." Aliuliza kwa sauti ya mtoto, "Na yule mwingine amekwenda wapi?"

"Yupi?"

"Mwantumu wangu."

"Alikungoja," Mwantumu akasema. "Akachoka. Akanituma mimi."

Kijana akaficha uso mikononi akalia, na Mwantumu akajua anamlilia nani. Umande alisimama kando akimtazama bi mkubwa wake, na kwa mara ya kwanza wanawake wale wawili walitazamana bila kupimana. Wote wawili walikuwa wameshindwa na mtu mmoja.

Manyunyu akasogea. Aliketi mbele ya kijana, miguu ameikunja, akasubiri amalize. Alipomaliza, akamwona. "Wewe nawe ni nani?" akauliza, akipangusa pua.

"Manyunyu."

"Jina zuri. Nani amekupa?"

"Wewe," mtoto akasema.

Mwantumu aliwaacha hapo. Haikuwa huruma tupu. Hakutaka kuficha hilo hata kwa nafsi yake. Alijua kwamba nyumbani kwao, katika kila chumba, kijana angekuta kitu cha yule mwenye kiuno cha nyigu, na yeye angelazimika kukaa naye mezani. Alimwambia abaki, amjue mwanawe, na njia ya nyumbani iko pale pale siku akiitaka. Umande alimsindikiza hadi mwisho wa lango, akambebea mzigo, na safari hii Mwantumu aliuachia. Baraza, kwa habari tulizozipata baadaye, lilipitisha kwamba mitungi ijaribiwe kila mwaka. Kuhusu Ng'ambo, mjadala unaendelea.

Aliporudi mtaani, wanawake walimjia na sahani za vitumbua wakamzunguka. Umemkuta? Yu mzima?

"Nimemkuta. Yu mzima."

"Na huyo mke wake je? Anampenda?"

"Anampenda mno mkewe," Mwantumu akasema. "Sijaona mwanamume anayempenda mke namna ile."

Wakaguna, wakampa pole, wakamlaani mwanamke wa Kungugu na vishimo vyake. Mwantumu akachukua kitumbua, akakila chote, wala hakuwasahihisha.